Msikilizaji wa Machungwa

Nilipoanza kazi ya kukagua matunda, niliamini kwa moyo wangu wote kwamba kule ng'ambo, kwenye bandari wanakopokelea machungwa yetu, kulikuwa na mtu aliyeajiriwa kuyasikiliza. Si kuyatazama, wala si kuyaonja. Kuyasikiliza. Habari hiyo nilipewa na Mutua, dereva wa lori, mtu wa bara aliyehamia Mariakani zamani akaota mizizi huko. Aliisema huku anakula chapati, na uso wake haukuwa na tabasamu hata la dawa.

"Profesa," aliniambia, maana hilo ndilo jina nililobandikwa tangu nilipofaulu masomo ya jioni, "unafikiri hao watu wanacheza? Kuko mzee mmoja pale. Anakaa kwa chumba, kimya kabisa. Wafanyakazi wote wanavaa soksi, viatu hakuna. Anapewa chungwa, anaweka bomba ya shaba hapa kwa masikio. Akisikia funza inatafuna, anainua kidole moja. Kidole moja tu! Mzigo yote inarudi."

"Na kama funza amelala?" nikamuuliza.

"Anasikia vile inakoroma."

Nikaamini. Mnaweza kucheka nyinyi vijana mlioachiwa visu na vioo vyangu, lakini wakati ule shehena ikikataliwa huko, habari iliyotufikia sisi wa chini ilikuwa neno moja tu: mdudu. Kaonekanaje, kajificha wapi, nani kamvumbua, hakuna aliyetueleza. Mutua yeye alikuwa na maelezo kamili, mpaka habari ya soksi. Mtu mwenye maelezo ya soksi utambishiaje?

Mmeniomba niandike ya kazini kabla sijayasahau, nami nimekubali upesi kuliko ilivyopasa. Habari za vyeo nitaziruka, maana vilikuja vikichechemea. Habari za mshahara mnazijua wenyewe. Nitaandika mambo ya kazi.

Mimi Katana ni mzaliwa wa Junju, kwa wakulima. Nilifika Malindi nikiwa kijana, nikapata kibarua cha kubeba makreti katika banda la kufungashia matunda. Mchana nabeba, jioni naenda shule na watu wazima wenzangu, mmoja mpishi, mmoja fundi baiskeli, mmoja bibi aliyekuja kusoma ili awasimamie wajukuu wake. Nilisoma somo la viumbe kwa ari mpaka mwalimu akaniomba nipunguze maswali, watu wawahi kwenda kula. Nilipofaulu, banda zima lilijua, kwa sababu nililitangazia. Idara ilipotafuta msaidizi wa mkaguzi wa afya ya mimea, anayeyajua matunda na asiyeogopa kubeba, hapakuwa na haja ya kutafuta mbali. Nilikuwa nimesimama mlangoni na kreti begani.

Mkaguzi mwenyewe alikuwa Bi Rukia, mwanamke wa Mambrui, mdogo wa umbo, buibui lake limepigwa pasi hata mikono. Sauti yake haikupanda kamwe. Siku ya kwanza nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanipa chungwa moja na kiti.

"Litazame hili," akasema. "Nikirudi utanieleza."

Akaenda zake. Akarudi jua limeshapanda juu ya paa la bati.

"Haya, ni nini hicho?"

"Ni chungwa, Bi Rukia."

"Hilo hata mbuzi ajua. Nieleze."

Nikajikakamua. Nikasema ni la mviringo, limeiva upande mmoja, lina ngozi ya vinyweleo. Akalichukua, akaligeuza kidogo, akanionyesha kwa ncha ya kucha pahali padogo palipogeuka manjano mapema kuliko kwengine kote. Katikati yake palikuwa na tundu kama alilotoboa mtu kwa sindano, na pembeni vumbi la kahawia, kiasi cha chembe za kahawa.

"Hicho ni choo," akasema. "Na mwenye choo yumo ndani."

Akalikata. Kiwavi wa nondo akatoka, wa waridi, mnene, na nakwambieni alitutazama kama mwenye nyumba aliyeamshwa. Tangu siku ile sijaweza kula chungwa bila kulizungusha kwanza. Mke wangu aliolewa na mtu anayesaili chakula.

Bi Rukia alikuwa na vyombo vinne. Kisu chenye mpini wa mti, ambacho hakumwazima mtu. Kioo cha kukuzia, kimefungwa uzi mwekundu shingoni. Tochi ndogo. Na kitambaa cheupe, kipande cha shuka la zamani, kilichofuliwa mpaka kikawa chepesi kama maneno ya mgombea. Kazi ya kitambaa ilikuwa hii: unakitandika chini, unakung'uta juu yake jani au tawi, unangoja. Vitakavyoanza kutembea ni vidudu, visivyotembea ni vumbi. Vijana wa sasa mna darubini zinazochorea picha kwenye kompyuta, na mimi nazipenda. Lakini umeme ukikatika, mwenye kitambaa bado yuko kazini.

Alinifundisha kwamba ukaguzi hauanzii mezani. Unaanzia shambani, miezi kabla chungwa halijawa chungwa. Shamba liwe limeandikishwa, lijulikane ni la nani na liko wapi, ili katoni ikifunguliwa hata upande wa pili wa dunia mtu aweze kuifuata nyuma mpaka kwenye mti. Mitego ya nzi wa matunda itundikwe kivulini. Matunda yaliyoanguka yaokotwe na kuzikwa, kwa sababu chungwa linalooza chini ya mti ni hospitali ya wazazi ya kila mdudu wa wilaya. Majani na ganda vichunguzwe madoa meusi. Halafu chungwa likatwe mtini kwa mkasi, si kunyofolewa. Kile kitufe cha kijani pale lilipokuwa limeshikana na mti kibaki, lakini kikonyo kisizidi, wala jani lisiwepo. Hata moja. Nchi nyingine hutaka zaidi, mzigo ukae kwenye baridi kali kwa muda wao waliouandika, au cheti kiseme kwa maneno yao wenyewe kwamba mdudu fulani hayumo. Kila nchi na masharti yake kama mchumba.

"Cheti hiki," Bi Rukia aliniambia, "ukikitia sahihi, si wewe unayesema. Ni nchi nzima imesema kwa mkono wako. Basi mkono wako uwe umetazama."

Na sampuli! Mwenye mzigo siku zote hukufungulia katoni iliyo karibu nawe. Ishukuru, kisha iache. Omba ya chini kabisa, ile iliyofunikwa na nyingine, ambayo kuifikia lazima watu watoe jasho. Huko ndiko wanakoketi wageni. Mimi nimepanda juu ya makatoni kiasi kwamba mngeniona mngedhani nakwea mnazi. Na nimekata machungwa mengi mno. Yakipangwa barabarani yangefika Kilifi, yakavuka kijito kwa daraja, yakaenda Mariakani na kurudi, na wapangaji wasingeona kiu njiani.

Mwezi wa Ramadhani Bi Rukia alikata kama kawaida, juisi inamchuruzika mpaka viwikoni, harufu imejaa banda zima, naye amefunga. Mimi niliyekunywa uji asubuhi ndiye niliyekuwa nameza mate. Nikamuuliza anawezaje.

"Mimi silitazami chungwa," akasema. "Namtazama mdudu. Mdudu hatamaniki."

Huyo ndiye mwalimu wangu. Lakini kwa yale ya msikilizaji sikumuuliza kitu, kwa sababu niliona ni siri ya kazi, jambo ambalo mtu mzima hujua na hasemi. Nikajitengenezea utaratibu wangu. Kila nikimaliza kukata sampuli, nilichukua chungwa zima, nikahakikisha hakuna anayeniona, nikaliweka sikioni. Nilifumba macho na kuzuia pumzi. Mara nyingine nilisikia kimya. Nyingine nilisikia kitu kama mtu anatafuna muhogo mkavu chumba cha pili, na hapo nilikuwa nakata katoni nzima, kumbe ni meno yangu mwenyewe. Hamjui hofu aliyonitia mzee yule wa soksi. Bi Rukia nilimcha, lakini yeye alitumia macho, na macho huchoka. Masikio yale ya ng'ambo hayakuwa na mapumziko.

Sasa niwaambie kisa cha Mama Dama. Wengi mlikuwepo juzi siku ya kuniaga, mkaona mama mmoja mtu mzima akinikabidhi kikapu cha machungwa yenye majani yake, nami nikacheka mpaka nikafuta machozi. Mkaulizana kama nimeshachoka. Huyo ndiye Mama Dama, na majani yale yana historia.

Yeye alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wakulima wa machungwa, upande wa ndani kutoka Malindi, huko ambako ardhi ni nyekundu na mchungwa hukubali bila kubembelezwa. Miaka yote machungwa yao yalichukuliwa na madalali waliofika msimu ukiwa umewiva, wakajaza lori kwa bei ya kutupa, wakiwaambia kwamba barabara mbaya. Akatokea mnunuzi wa ng'ambo aliyekubali kuwajaribu. Jaribio moja, shehena moja. Ikipokelewa, atarudi kila msimu. Ikikataliwa, basi, hataki tena, na mashamba yao yatafutwa katika orodha ya wanaoruhusiwa kupeleka nje. Hapana la kusikilizana hapo.

Akina mama wale walifanya kazi, jamani. Waliokota kila kilichoanguka. Walitundika mitego na kuihesabia nzi kama wanaohesabu kura. Nilipopita mashambani mwao na Bi Rukia, ungeweza kutandika mkeka chini ya mchungwa wowote na kulala. Bi Rukia, ambaye sifa alizitoa kwa kijiko cha chai, alisema, "Wamefanya." Kwangu mimi niliyemjua, hiyo ilikuwa ngoma na vigelegele.

Siku ya shehena ilifika, na Bi Rukia akaniambia tukiwa njiani kwenda bandani, "Leo sahihi ni yako. Mimi nitakaa kwenye kiti."

Ilikuwa mara yangu ya kwanza. Nilivaa shati la harusi. Si harusi ya mtu mwingine, yangu.

Lori la Mutua lilikuwa limekwisha geuzwa, kitako mlangoni, tayari kwenda uwanja wa ndege Mombasa. Akina mama wamevaa leso zao nzuri. Makatoni yamepangwa kama ukuta wa msikiti, na harufu ilikuwa tamu mno, tamu kuliko ya machungwa peke yake. Harufu hiyo ilinishtua kidogo, lakini nilikuwa nimevimba kwa fahari, sikuitilia maanani. Nikachagua katoni ya chini kabisa kama nilivyofundishwa. Nikaifungua.

Ndani machungwa yalikuwa yamelazwa juu ya godoro la majani mabichi ya mchungwa, yamepangwa jani kwa jani kama vigae vya paa. Na katikati, juu kabisa, chungwa moja lililochaguliwa kwa uzuri wake lilikuwa limesimama na kikonyo chake na majani mawili, moja huku, moja huku, kama mtoto aliyevishwa siku ya Idi.

Nikafungua nyingine. Vilevile. Nyingine. Vilevile.

"Mama Dama," nikasema, "haya majani yameingia lini?"

"Jana jioni, mlipokwisha ondoka," akanijibu kwa furaha. "Tulikesha nayo, mwanangu. Tuliyafuta moja moja kwa kitambaa."

"Lakini niliwaambia jani lisiwepo."

"Ulisema tukikata mtini tusiache majani. Hatukuacha. Haya tumeyaleta kando, tumeyachagua. Wewe umetoka Junju, hujui? Mimi nikimpelekea jirani yangu machungwa, naweza kumpelekea matupu, yako uchi, kama niliyeyaokota njiani? Jirani tu! Sembuse mtu wa ng'ambo ambaye hata hatujaonana? Ajue ametumiwa na watu."

Na hapo, ndugu zangu, nilikwama. Kwa sababu alisema kweli. Mama yangu mzazi hakupata kumpelekea mtu tunda lisilo na jani. Sokoni Malindi hata leo, chungwa lenye jani bichi ndilo la kwanza kuondoka, maana jani ndilo shahidi kwamba halikulala ghalani. Kuwaambia akina mama wale kwamba heshima yao ni kosa, nisingeweza. Na kutia sahihi pia nisingeweza.

Mutua akapiga honi. "Profesa, ndege haingojangi mtu! Hiyo majani ni mapambo. Funga jicho moja."

"Na yule mzee wa soksi?" nikamnong'oneza.

Akafikiri kidogo. "Yeye anasikiliza machungwa," akasema. "Majani si kazi yake."

Nikamtazama Bi Rukia. Alikuwa kwenye kiti chake, mikono pajani, ananitazama kama mtu anayetazama mvua. Hakuna msaada pale. Nikatoa kitambaa cheupe, maana alikuwa ameninunulia changu mwenyewe, nikakitandika mezani. Nikachukua kiganja cha majani kutoka katoni ya kwanza, nikayakung'uta.

Tukangoja.

Vumbi likabaki vumbi. Kisha chembe moja ikaanza kutembea. Halafu ya pili, ikapita kando kuelekea ukingoni kama mwenye haraka zake. Nikayageuza majani yenyewe chini ya kioo, nikaona kwenye mgongo wa jani vigamba vidogo vya kahawia vimejishika kama vifungo vya shati, kila kimoja mdudu aliyekwisha kujenga.

"Njoo, Mama Dama," nikamwita. Nikamvisha uzi wa kioo shingoni, nikamwonyesha pa kutazama.

Akainama. Akakaa hivyo kitambo.

"Mulungu wangu!" akasema. "Ana miguu!"

"Ana miguu, na ana watoto. Na sasa wamelala na machungwa yenu usiku kucha. Yakifika huko hivi, hawatauliza nani alipamba. Wataandika neno moja, mdudu, na jina lenu chini yake."

"Basi tuyatoe majani, twende!" akasema mwenzake mmoja kutoka nyuma. Mwingine akadakia kwa hasira, "Leo serikali imekuja kuvua machungwa nguo!" Wakacheka wengine, lakini kicheko kilikuwa na miba.

Nikawaambia haiwezekani kuyatoa na kwenda. Mdudu aliyeshuka kwenye jani haulizi ruhusa, keshahamia kwenye chungwa, au kwenye mikunjo ya katoni. Lazima machungwa yote yatolewe, yaoshwe upya na kupigwa brashi, yakauke, yachambuliwe, yaingie katika makatoni mapya, na mimi nianze tena tangu mwanzo. Ndege ya leo tumeikosa.

Nilipolisema hilo la ndege, Mama Dama alikaa chini sakafuni palepale, na leso yake mpya. Hakulia wala hakunitukana. Alisema tu, taratibu, "Mnunuzi alisema mara moja."

"Ndiyo, Mama."

"Na wewe unatunyima hiyo moja."

"Nawanyima kuipeleka vibaya."

Bi Rukia akakohoa. Nilidhani atanena. Alikuwa ametamani maji tu.

Nikaikunja ile karatasi ya cheti bila sahihi, nikaitia mfukoni mwa shati la harusi. Nikampigia mnunuzi simu. Alinung'unika kwa lugha tatu, na nilizielewa zote kwa mara moja, lakini mwishowe akasema atangoja ndege inayofuata, na kwamba sasa atatazama mzigo huo kwa makini zaidi. Maneno hayo ya mwisho sikuwatafsiria akina mama.

Aliyeanza kazi ni Mutua. Alizima lori, akashuka, akavua shati, akapanda juu ya ukuta ule wa makatoni. "Sasa mnangoja nini?" akasema. "Mimi nitaenda Mombasa na hewa?" Akamshushia Mama Dama katoni ya kwanza. Mama Dama akaipokea akiwa bado amekaa. Akalitoa lile chungwa la juu lenye majani mawili, akalitazama, akachukua mkasi, akakata kikonyo mpaka kwenye kitufe, laini kabisa, kazi ya fundi. Kisha akainuka.

Sijaona kazi kama ile. Majani tuliyajaza kwenye magunia na kuyazika shimo refu, na shimo hilo lingeweza kumeza lori. Machungwa yakaoga. Akina mama waliokuwa wamenuna wakaanza kuyatania kila yakipita kwenye brashi, "Haya, bibi harusi, geuka na huku!" Yalipokauka nikakagua, na nilikagua kama mtu anayetafuta pete ya mkewe. Nikakata nikakata. Kitambaa changu kilipata rangi ambayo haijatoka mpaka leo. Mdudu hakuonekana. Nilipokwisha, nikachukua chungwa moja, nikageuka ukutani, nikaliweka sikioni. Kimya. Ndipo nikatia sahihi, herufi zote, hata zile ambazo kwa kawaida nazimeza.

Tukangoja majibu.

Kungoja kule kulinikondesha, na wanaonijua watawaambia kwamba hilo si jambo jepesi. Mama Dama alifika ofisini kila siku ya soko. Anasimama mlangoni, ananipa shikamoo ya kejeli, ingawa umri ulikuwa wake. "Shikamoo mzee wa cheti. Yamesemaje?"

"Bado hayajasema, Mama."

"Yakisema uniambie."

Hakujua maneno hayo yalivyonichoma. Kwani mimi hofu yangu ndiyo hiyo hasa, kwamba yatasema! Nilimwona yule mzee katika chumba chake, bomba sikioni, wafanyakazi wananyata na soksi. Nilijua macho yangu yametazama vyema. Lakini je, kama kulikuwa na kiwavi mmoja mchanga, hajaota hata meno, anayefyonza badala ya kutafuna? Mimi nisingemsikia. Yeye angemsikia. Kidole kingeinuka, na akina mama wale wangerudi kwa madalali wao na barabara mbaya. Niliomba machungwa yanyamaze. Mtu mzima, mwenye vyeti vya shule, naomba tunda linyamaze.

Simu ilipolia, Mama Dama alikuwepo mlangoni, na Mutua alikuwa amepita kuomba maji ya rejeta ya lori lake. Bi Rukia aliipokea. Alisikiliza kwa muda, akasema "naam" na "ahsante," akaweka simu chini, akaunyosha uzi wa kioo chake.

"Yamepita," akasema. "Safi. Na mnunuzi ataka ya msimu ujao."

Mama Dama alipiga kigelegele ambacho, nina hakika, kilisikika Watamu na watu wakatoka nje kuuliza nani kaolewa. Akamkumbatia Bi Rukia, akanikumbatia mimi, akamkumbatia hata Mutua na chombo chake cha maji. Nilijivuna siku ile, na bado najivuna. Sahihi yangu ya kwanza ilivuka bahari ikasimama. Na katika furaha ile ulimi ukanitoka.

"Bi Rukia," nikauliza, "aliyasikiliza yote, au alichagua machache?"

"Nani?"

"Yule mzee. Msikilizaji."

Mutua akaanza kutazama dari kama mtu anayetafuta mahali pa kutoboa. Nikaeleza: chumba, soksi, bomba la shaba, kidole kimoja. Nikaeleza mpaka kukoroma. Mama Dama alikuwa ameziba mdomo kwa leso, mabega yanamtetema.

Bi Rukia hakucheka. Alinitazama kwa huruma niliyokuwa sijaiona kwake.

"Kumbe ndiyo sababu waweka chungwa sikioni," akasema. "Nami siku zote nadhani sikio lakuuma. Nimekuombea dua."

Kisha akachukua kisu chake kile cha mpini wa mti, kile ambacho hakumwazima mtu, akakiweka mezani mbele yangu, mpini umeelekea kwangu.

"Hakuna msikilizaji, Katana. Kule yuko mkaguzi, mtu kama wewe. Ana kisu, ana kioo. Hulikata chungwa, akatazama."